Mkono Uliopungua Vidole Viwili

Kwa miaka yote niliyomjua, Fundi wa madaraja hakupita juu ya daraja. Alivua viatu, akakunja suruali hadi magotini na kuingia mtoni kama ng'ombe, huku daraja alilolijenga yeye mwenyewe likiwa hatua kumi kutoka pale. Alipotokea ng'ambo alikaa juu ya jiwe, akajifuta miguu kwa kofia, akavaa viatu na kuendelea na safari. Wapita njia wasiomjua walidhani ana nadhiri. Waliomjua hawakudhani kitu, walikuwa wamechoka kudhani. Nilipomuuliza mara ya kwanza alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyotazama trekta lisilo na injini.

"Juu ni pa wateja, mpwa wangu," alisema. "Mahali pa mjenzi ni chini."

Aliniita mpwa na mimi nikamwita mjomba, ingawa yeye alikuwa Mmwera wa Mtua na mimi Mmakua kutoka upande wa Masasi, na hatukuwa na bibi mmoja wala babu mmoja. Tulikutana Nachingwea siku zile za karanga, baada ya vita kubwa, wakati kila mtu mwenye miguu alikuwa akielekea Nachingwea. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la tatu, si kwa ujinga, bali kwa sababu barabara ilipita karibu mno na dirisha. Nilitaka kujua inakokwenda. Ilikuwa ikienda kwenye karanga.

Wazungu walikuwa wamemaliza kupigana na binadamu, sasa wakaja kupigana na miti. Walileta mnyororo wa nanga ya meli, wakausafirisha hadi bara ambako hakuna meli, wakaufunga kati ya tingatinga mbili na kuukokota msituni ili ung'oe kila kilichosimama. Vilivyosimama vililala, na tingatinga nazo zililala, moja baada ya nyingine, ila zenyewe zililala karakana. Wazee wa Mtua na Ruponda, ambao walikuwa wamelima karanga pembeni mwa mihogo yao kwa jembe la mkono tangu kabla ya mimi kuzaliwa, walikuja kuangalia. Hakuna aliyewauliza kitu, nao kwa adabu yao hawakujibu.

Katika karakana hiyo ndimo nilimomkuta Fundi. Jeshini, huko Burma, alikuwa ameunda madaraja ya magogo na ya chuma, mengine usiku mmoja, mengine huku wakipigwa risasi. Kwa hiyo aliporudi na kuandikwa kazi Nachingwea, wakubwa walipima ujuzi wake kwa makini na kumpa bomba la grisi. Alipaka grisi matrekta kuanzia asubuhi hadi saa sita. Saa sita, wenzake walipokaa kula, alipanda juu ya pipa na kuwafundisha historia ya uhandisi duniani.

Alikuwa nayo katika kitabu. Kilikuwa kitabu kikubwa cha picha, kwa Kiingereza, hakina jalada. Ofisa mmoja alikitupa Burma wakati wa kuvuka mto na Fundi akakiokota. Fundi hakujua Kiingereza zaidi ya amri za jeshi, lakini picha hazihitaji amri. Taabu ilikuwa moja. Mvua za huko zililainisha uzi, kurasa zikatoka zote, na zilipokauka tena hakukuwa na mtu wa kumwambia ipi ilitangulia ipi. Basi akazishona upya kwa uzi wa gunia, kwa mpango alioona yeye una akili.

Hivyo historia ya uhandisi, kama tulivyofundishwa Nachingwea, ilikwenda hivi. Mwanzo kulikuwa na gogo juu ya kijito, na aliyeliweka alikuwa mwanamke, kwa sababu ndiye mwenye mzigo. Kisha likaja garimoshi. Watu walipochoka na kelele za garimoshi na moshi wake, Warumi walipata wazo bora, wakajenga mifereji mirefu juu ya matao, ili kipite kitu kisichopiga kelele, yaani maji. Ukuta wa Wachina ulijengwa ili kuwazuia hao wenye garimoshi. Wamisri walikuja karibu na mwisho, baada ya mashine zote kuharibika, ndiyo maana ilibidi wakokote mawe kwa kamba. Kati ya Wamisri na ukurasa wa mwisho Fundi alichomeka masomo ambayo hayakuwa na picha, aliyoyajua mwenyewe: wajenzi wa Kilwa waliochoma matumbawe wakapata chokaa, na wahunzi wa zamani wa huku kwetu waliopuliza mivukuto hadi jiwe likatoka chuma. Halafu mnyororo wa meli kati ya tingatinga mbili. Hapo, alisema, ndipo uhandisi ulipoishia.

Niliamini mpango huo kwa miaka. Baadaye nilitangatanga hadi Mombasa, nikamweleza fundi mmoja wa reli kwamba garimoshi liliwatangulia Warumi, na alicheka hadi akakaa chini. Lakini nikiwaza vizuri sioni kama mpango wa Fundi ulikuwa na makosa mengi kuliko wa wale waliotuletea nanga.

Mwisho kabisa wa kitabu alikuwa ameshona karatasi nyeupe, kipande cha mfuko wa saruji, kisicho na kitu. Nilimuuliza ni ya nini.

"Humu ndani kuna Warumi," alisema, "kuna Wachina, kuna Wamisri. Mtu wa Nachingwea hayumo. Mtu wa Ruangwa hayumo. Wahunzi wetu hawakuchorwa. Hiyo karatasi inangoja daraja langu."

Hilo ndilo alilolitaka maishani. Hakutaka cheo wala nyumba ya bati. Alitaka daraja moja, hapa kwetu, litakalosimama.

Alikuwa mtu wa kuchosha, lazima niseme. Mkononi alivaa saa isiyotembea, na akiulizwa saa aliitazama kwanza, akalitazama jua, kisha akajibu kama vile amelinganisha mashahidi wawili. Alimsema vibaya Bwana Ramani, mkubwa wetu wa Kizungu, kila siku, lakini aliweka penseli nyuma ya sikio lile lile na kwa namna ile ile kama Bwana Ramani. Aliosha tezo lake la kuchongea magogo kabla ya kuosha uso wake. Tezo hakumwazima mtu. Ushauri aliazima bure, hata kwa asiyetaka. Alijua namna piramidi inavyogawa uzito wake, lakini nyumba yake Mtua ilikuwa imeegemea nguzo moja ya mwembe kama mlevi anayesindikizwa. Mkewe, mama mpole asiyepaza sauti, aliniambia siku moja mbele yake:

"Warumi walipitisha maji juu ya matao, baba. Sisi maji yanapita juu ya jiko."

Fundi alijibu kwamba nyumba si uhandisi, nyumba ni makazi.

Halafu kulikuwa na kijiti. Hakukubali futi wala tepu. Futi, alisema, ni mguu wa mfalme wa Kizungu aliyekwisha kufa, na yeye hajauona mguu huo. Alipima kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kama wanavyopima nguo wazee wetu na kama alivyowaona Wamisri wakifanya katika picha. Ili asichoke kukunjua mkono alikata kijiti cha mninga chenye urefu huo huo, akakisugua kwa mchanga hadi kikang'aa. Mkono mmoja una vidole ishirini na vinne vikilazwa upande upande. Alitufundisha hilo siku ya kwanza, nami nililisahau siku hiyo hiyo.

Bwana Ramani alipokiona kijiti alicheka. Bwana Ramani ndiye Mzungu aliyekuwa mkubwa wa barabara. Sisi tulimpa jina hilo kwa sababu hakuitazama nchi kabla ya kuitazama ramani, na zilipotofautiana aliiamini ramani. Alikishika kijiti, akakigeuza, akasema kwa Kiswahili chake, "Hii si kipimo. Hii kuni."

Kwa bahati mbaya mpishi alikuwa akisikiliza.

Mpishi wa kikosi chetu alikuwa Mngoni, mrefu kama mlingoti, na kwa hiyo mtani wa Fundi. Babu zao walichinjana, basi wajukuu walilazimika kutaniana hadi kufa. Mtani huchukua kuku wako ukamshukuru. Mtani hukutukana mbele ya mkweo na wewe unacheka. Kukasirika ni mwiko, na anayekasirika ndiye mwenye hatia. Mpishi aliwahi kufunika sufuria ya maharage kwa kofia ya Fundi. Fundi naye alimnadi mpishi sokoni Ruangwa, akamsimamisha juu ya kirundo cha magunia na kutangaza Mngoni mzima, meno yote, kwa debe moja la ufuta. Mzee mmoja alikagua mikono ya mpishi na kusema debe zima ni ghali. Walipendana sana, kama nilivyokuja kuelewa, ila hawakuwa na lugha nyingine ya kusemea.

Daraja lilikuja hivi. Barabara ya kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa inakatwa na kijito kinachoteremkia mto Mbwemkuru. Kiangazi ni mchanga mtupu na unaweza kulala humo. Masika kinabeba miti. Watu wa ng'ambo walikaa miezi na ufuta wao ndani, na mgonjwa wao alisubiri maji yapungue, akiweza kusubiri. Bwana Ramani alikuja kiangazi, akaona mchanga, akaamua kulaza mabomba ya chuma mahali ambapo mstari wa ramani ulipita. Fundi alimwambia mahali hapo ndipo maji yanapogonga yakikasirika. Akamwonyesha sehemu ya juu zaidi, penye mwamba kila upande, na kuomba boriti za mninga na watu kumi. Walibishana siku mbili. Mwishowe Bwana Ramani, ambaye mabomba yake yalikuwa yamekwama bandarini, alimpa Fundi ruhusa hadi mawingu ya mvua yatakapoonekana. Daraja likiwa tayari na lori likapita, sawa. Lisipokuwa tayari, Fundi arudi kwenye grisi na asiseme tena neno daraja karakana.

Fundi alipima uwazi kati ya miamba kwa kijiti chake. Ulikuwa mikono kumi na miwili. Akaagiza boriti tano za mikono kumi na minne kila moja, ili kila kichwa kilalie juu ya msingi kwa mkono mzima. Yeye akabaki kijitoni na waashi, akijenga misingi ya mawe. Sisi wengine alitutuma msituni upande wa Mbwemkuru kukata mininga, na mimi akanikabidhi kijiti. Nadhani alinichagua kwa sababu niliuliza maswali mengi. Alidhani anayeuliza anasikiliza pia.

Siku ya kwanza msituni mwiko wa mpishi wa kusongea ugali ulivunjika. Alitazama huku na huku, akakiona kijiti.

"Bwana amesema hii ni kuni," alisema, "lakini mimi sina dharau kama yeye. Mimi nitaipa cheo."

Akasongea ugali kwa kijiti cha Fundi. Tulicheka hadi chakula kikapoa. Baada ya kula alikiacha kando ya mafiga, na asubuhi ncha moja ilikuwa imeungua. Mpishi akachukua kisu, akakata palipoungua, vidole viwili hivi, akalainisha vizuri, akanirudishia. Alisema amemkata mtani wake kucha, akija ataona mwenyewe na atajua la kufanya. Kwake utani ulikuwa umekamilika. Mtani hachezewi kwa siri. Alikuwa na hakika kwamba mtu mwenye kijiti, yaani mimi, atajua kwamba kijiti sasa si kijiti.

Nami nilijua. Nilikiona kikikatwa na nikacheka. Halafu nikakichukua na kukilaza juu ya mninga mara kumi na nne, nikatia alama, nikasema kateni. Vidole viwili, nilijiambia, ni nini? Mimi mwenye udadisi wa kutaka kujua kila barabara inaishia wapi sikudadisi vidole viwili vinaishia wapi. Niliacha shule kabla hatujafika kwenye kuzidisha kwa kumi na nne.

Trekta lilikokota boriti hadi kijitoni. Zikanyanyuliwa kwa kamba na watu wote, na ya kwanza ikalala. Ilifika ng'ambo, lakini ilifika kama mzee anayefika kwenye kitanda na kukaa ukingoni. Kila upande ilishika jiwe kwa vidole kumi tu. Fundi alipiga magoti, akapima. Akaomba kijiti. Akakilaza juu ya mkono wake kutoka kiwikoni, na ncha za vidole vyake zikabaki nje zikichungulia. Akakileta puani, akanusa.

"Kinanuka ugali," alisema.

Mpishi akatoka mbele, amejishika kiuno.

"Mimi, mtani. Na ulikuwa mtamu."

Fundi aliinua macho juu. Mawingu yalikuwa tayari upande wa Ruponda, hayajawa mazito, lakini yalikuwepo na Bwana Ramani alikuwa na macho. Boriti tano, mininga mitano iliyochukua siku nyingi kuipata, na karatasi nyeupe nyumbani. Mtu mwingine angempiga mtu. Lakini ukimkasirikia mtani umeshindwa na babu zako wote.

"Vidole viwili," alisema hatimaye, "mara kumi na nne. Umenila mkono mzima, mtani, na ukalamba vidole vinne juu yake. Wangoni hamshibi."

Watu wakacheka, mpishi zaidi ya wote. Lakini uso wa mpishi ulikuwa umebadilika rangi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba nilipima nacho. Alinitazama. Fundi naye akanitazama, mara moja tu, na hakuniambia kitu. Ningependa angenitukana. Mimi sikuwa mtani wake, alikuwa na haki ya kukasirika. Akaipeleka hasira yake mahali pengine, sijui wapi, na kuomba aletewe kitabu.

Alifungua ukurasa wa kaburi moja la kale la mawe, ambao katika mpango wake ulikuja baada ya garimoshi. Wajenzi wa kaburi hilo hawakujua tao. Waliweka jiwe juu ya jiwe, kila la juu likichomoza kidogo mbele ya la chini, mpaka kuta mbili zikakaribiana. "Wanasogea taratibu," alisema Fundi, "kama watu wenye njaa wanaosogelea chungu wakidhani hawaonekani." Akatuamuru tuteremshe boriti, tubomoe matabaka matatu ya juu ya kila msingi na kuyajenga upya kwa mawe marefu zaidi, kila tabaka likichomoza vidole vitano kuelekea mtoni, mkia wake umekandamizwa na mawe mazito nyuma. Matabaka matatu kwa vidole vitano ni vidole kumi na tano. Vidole kumi tulikuwa navyo. Nilihesabu mwenyewe safari hii, kwa vidole vyenyewe. Mkono mzima na kidole kimoja cha sadaka.

Tulifanya kazi mpaka viganja vikachubuka. Mpishi aliacha sufuria na kubeba mawe, jambo ambalo halikuwa kazi yake, na kila alipopita na jiwe Fundi alimuuliza kama hilo nalo atalila. Mvua ya kwanza ilinyesha siku tulipopigilia ubao wa mwisho. Ilikuwa mvua ndogo, ya kusalimia.

Bwana Ramani alikuja na lori lenye mapipa ya maji. Hapo ndipo Fundi alipofanya jambo ambalo lilimfanya aitwe mwendawazimu hadi Lindi. Katika kitabu chake kulikuwa na picha ya daraja la Warumi, na chini ya tao amesimama mtu. Fundi alieleza kwamba huyo ndiye mjenzi: sheria ya Warumi ilimtaka mjenzi asimame chini ya kazi yake siku mzigo wa kwanza unapopita. Sijui kama ni kweli. Nimeiwaza picha ile mara nyingi, na inawezekana mtu yule alikuwa anajikinga mvua. Lakini Fundi aliteremka mtoni, akasimama katikati chini ya boriti, maji yakiwa vifundoni, akaita.

"Mtani! Njoo huku kivulini."

Mpishi alisema ana sufuria motoni.

"Sufuria itakusubiri," alisema Fundi. "Wangoni wenzako hawatasubiri kukucheka, wakisikia ulibaki juu."

Mpishi hakuwa na njia. Aliteremka, akasimama kando ya Fundi, ameinama kwa sababu ya urefu wake, midomo ikisoma kila sura aliyoijua. Lori likaingia. Mbao zililia, vumbi na vipande vya magome vikawamwagikia vichwani. Fundi alikuwa akizungumza muda wote. Mpishi alituambia baadaye kwamba alikuwa akimweleza habari za Wamisri, tena kwa utulivu, kama watu wawili wanaongoja chai. Lori likatoka ng'ambo.

Mimi nilikuwa juu, ukingoni. Sikuitwa. Nilishukuru kwamba sikuitwa, kisha nikabaki na shukrani hiyo kama mwiba, na sikumwambia mtu. Miaka miwili baadaye nilichukua furushi langu nikaondoka. Kulikuwa na barabara nyingine.

Bwana Ramani alisema daraja ni zuri. Halafu mabomba yake yalipofika kutoka bandarini aliyalaza pia, pale pale penye mstari, kwa kuwa ramani ilikwisha chapwa. Masika iliyofuata maji yaliyachukua yote, mawili walau yalionekana njiani kuelekea Mbwemkuru. Karanga nazo zilikataa. Ardhi iliyochunwa iligeuka tofali kiangazi na uji masika, na Wazungu wakafunga mizigo yao, wakiwaachia watu wa Nachingwea vyuma vizuri vya kuanikia mihogo. Niliiona ramani hiyo katika ofisi moja Lindi, miaka baadaye. Kivuko kimechorwa vizuri, kwenye mabomba. Daraja la Fundi halimo.

Nilirudi Mtua mwishoni mwa miaka ya hamsini, katikati ya masika. Sikuwa na sababu ya maana, miguu ilinileta. Nyumba ilikuwa bado imeegemea nguzo, ila sasa zilikuwa nguzo mbili. Nilimkuta Fundi amevaa kanzu safi asubuhi, amekaa mlangoni, mkewe akimfunga kamba za viatu kwa sababu magoti yalikuwa yamekataa kukunjika. Hakushangaa kuniona.

"Umekuja wakati mzuri, mpwa wangu. Mtani wangu amekufa jana, Ruangwa. Kuna kazi."

Mpishi alikuwa amehamia ng'ambo, akaoa huko, akalima korosho. Katika msiba mtani ndiye mwenye kazi, hawezi kukosa wala kuchelewa. Nikamngojea. Mkewe akaniletea kitabu nitazame, kwa kuwa nilikuwa nikikiulizia kila mara zamani. Nilifungua mwisho. Ile karatasi ya mfuko wa saruji ilikuwa imechorwa kwa penseli: boriti tano, misingi inayochomoza matabaka matatu, na chini yake watu wawili wamesimama majini. Mmoja ameinama. Mkononi ana mwiko.

Tulipofika kijitoni maji yalikuwa yakienda kwa sauti, mekundu, na magogo ndani yake. Fundi alisimama ukingoni, akalitazama jiwe lake la kuvalia viatu likiwa limefunikwa. Nikamwambia taratibu kwamba leo hawezi. Aliitazama saa yake isiyotembea, akalitazama jua.

"Leo mimi ni mteja," alisema.

Akanishika bega, tukapita juu. Alikwenda polepole akichungulia kati ya mbao, kama mtu anayepita chumbani kwa mtu mwingine. Tulipofika ng'ambo alisema tu kwamba ubao wa nne unahitaji msumari.

Msibani alikwenda moja kwa moja kufanya utani wake. Aliwauliza wajane kwa nini wanalia, Mngoni amepungua, ugali utabaki. Walicheka wakilia, ndivyo inavyotakiwa. Akaingia alimolazwa maiti, akampima kwa mkono wake mwenyewe, akatoka na kusema mikono minne. Kisha akatoa kijiti kutoka kwenye kanzu, kile kile, chenye ncha iliyokatwa, akawapa wachimba kaburi. Mikono minne, aliwaambia, kwa hiki.

Walichimba. Alipofika makaburini alisimama ukingoni, akatazama chini, akatikisa kichwa.

"Fupi," alisema. "Limepungua vidole vinane. Mtamlaza magoti yamekunjwa? Ala! Kijiti hiki alikikata yeye. Nilimwambia kitamrudia."

Watu walicheka kwa sauti, hata shehe aligeuka pembeni. Wote walijua habari ya kijiti, na kwao huo ulikuwa utani mkubwa kuliko yote, umesubiriwa miaka. Huenda ulikuwa hivyo. Lakini mimi nilikuwa karibu na uso wake, na sina hakika kama hakuwa amesahau.

Akavua viatu. Akakaa ukingoni mwa kaburi na magoti yake yale mabovu, akateremka ndani kabla watu hawajamzuia. Kutoka huko chini akainua macho, akanitafuta mimi.

"Shuka," alisema. "Siku ile ulibaki juu."

Nikashuka. Akanionyesha mahali pa kuweka kidole changu kwenye udongo, upande wa kichwa, na akaniambia nisikiondoe mpaka aseme. Kijiti alikirusha nje. Alilaza kiwiko chake penye kidole changu, akakunjua mkono, akatia alama kwa ukucha, akasogea, akalaza tena. Alikwenda hivyo hadi mwisho, akipumua kwa shida, na pale ukuta ulipomzuia akagonga udongo kwa kiganja ili wachimbaji wajue wakate hadi wapi.

"Tulia, mtani," alisema. "Leo nakupimia mkono mzima."